Sosi ya saladi ya siki na mafuta: Namna ya kuitengeneza nyumbani bila kuhatarisha afya

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

KATIKA meza za chakula mjini Shinyanga, Kahama na Geita, kachumbari haikosekani. Nyanya, kitunguu, tango na pilipili hukatwa, hukamuliwa ndimu, hunyunyiziwa chumvi, kisha huwekwa pembeni ya wali, nyama choma au chipsi.

Hata hivyo, ni familia chache zinazofahamu kuwa kachumbari hiyo, ikiongezewa vijiko vichache vya mafuta mazuri na kupunguzwa chumvi, huwa saladi kamili inayoupa mwili virutubisho zaidi. Mchanganyiko huo wa kitu kichachu na mafuta ndio ambao Wafaransa huuita vinegreti, jina linalotokana na neno lao la siki.

Sosi hiyo haihitaji jiko wala mashine. Hutengenezwa kwa dakika tano kwa vitu vinavyopatikana katika soko lolote la Kanda ya Ziwa. Lakini katika eneo hili la pamba na dhahabu, yapo mambo ambayo mama wa nyumbani na mama lishe wanapaswa kuyajua kabla ya kumimina mafuta kwenye bakuli, kwa kuwa mengine yanahusu sumu.

Makala hii inaeleza sosi hiyo ni nini, inatengenezwaje, inatumikaje na tahadhari zake ni zipi.

Kwa nini mboga mbichi zinahitaji mafuta?

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika nchini mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban asilimia 26 ya watu wazima wa umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa takriban asilimia 97 hawakuwa wakila kiasi cha matunda na mboga kinachopendekezwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi isiyofika gramu 5, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima.

Saladi ni njia rahisi ya kulifikia lengo hilo la kwanza. Tatizo ni kwamba baadhi ya virutubisho vilivyomo kwenye mboga haviyeyuki katika maji. Vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta. Kadhalika, rangi ya manjano ya karoti na wekundu wa nyanya ni virutubisho vinavyohitaji mafuta ili utumbo uweze kuvichukua.

Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo ambalo watu walilishwa saladi zenye sosi isiyo na mafuta, yenye mafuta kidogo na yenye mafuta mengi. Waliokula saladi isiyo na mafuta karibu hawakupata kitu kutokana na rangi hizo za mboga, ingawa walikula mboga zile zile.

Kwa maneno mengine, anayekula karoti mbichi bila mafuta yoyote katika mlo wake anatafuna mali na kuiacha ipite.

Lakini hapa pana jambo la kuzingatia. Kama kachumbari inaliwa pamoja na chipsi, sambusa au nyama yenye mafuta, basi mafuta yamekwishapatikana katika mlo na hakuna haja ya kuongeza mengine. Hapo ndimu na viungo vinatosha. Sosi yenye mafuta inafaa zaidi pale ambapo mlo wenyewe ni mkavu, mathalani ugali kwa samaki wa kuchoma, maharage ya kuchemsha, viazi vitamu au matobolwa.

Vitu vinavyohitajika

Sosi ya msingi ya kutosha saladi ya watu wanne inahitaji vitu vifuatavyo:

- Mafuta ya alizeti, vijiko 3 vya chakula.
- Siki, au maji ya limau au ndimu, vijiko 2 vya chakula.
- Haradali ya kopo, kijiko 1 cha chai.
- Asali, nusu kijiko cha chai.
- Chumvi, robo kijiko cha chai.
- Pilipili manga iliyosagwa, kiasi kidogo.
- Kitunguu saumu, punje 1 iliyopondwa (si lazima).

Desturi ya Wafaransa ni kuweka sehemu tatu za mafuta kwa sehemu moja ya siki. Kipimo kilichotolewa hapa kimepunguza mafuta kwa makusudi, kwa sababu kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote kina nishati ya takriban kalori 120. Mafuta yote yako sawa katika hilo, yawe ya alizeti, ya pamba au ya zeituni yaliyotoka Ulaya.

Kwa kipimo hiki, kila mlaji hupata kalori 90 hivi kutokana na mafuta, na chumvi isiyofika nusu gramu. Ladha haipungui, kwa kuwa uchachu wa limau hufanya sehemu ya kazi ambayo kwa kawaida huachiwa chumvi.

Hatua za kutengeneza

Kwanza, weka siki au maji ya limau kwenye chupa safi ya kioo yenye mfuniko, mathalani chupa iliyokuwa na jemu. Ongeza chumvi, kisha tikisa mpaka iyeyuke. Chumvi haiyeyuki katika mafuta, hivyo anayeanza na mafuta huishia kuwa na punje za chumvi chini ya bakuli, akadhani chumvi haitoshi, akaongeza nyingine.

Pili, ongeza haradali, asali, pilipili manga na kitunguu saumu. Koroga.

Tatu, mimina mafuta, funga mfuniko kwa nguvu na tikisa kwa nusu dakika mpaka mchanganyiko uwe mzito na ubadilike rangi.

Mafuta na siki havipatani kwa asili. Kutikisa huyavunja mafuta kuwa matone madogo sana, na haradali huyazunguka matone hayo na kuyazuia yasikimbiliane upesi. Sosi ikiachwa, baada ya muda hujitenga tena. Huko si kuharibika, bali inatakiwa kutikiswa upya.

Nne, onja kwa kuchovya kipande cha mboga, si kwa kijiko. Sosi ikionjwa peke yake huonekana kali kuliko itakavyokuwa kwenye saladi.

Mwisho, imwagie mboga muda mfupi kabla ya kula. Chumvi na uchachu huvuta maji kutoka kwenye majani, na saladi iliyowekwa sosi mapema hulegea na kuogelea katika maji yake. Kabichi na karoti ni ngumu zaidi, hivyo zinaweza kukaa nusu saa na zikawa laini bila kuharibika.

Limau, ukwaju na karanga za kwetu

Si lazima kununua siki ya tufaha kwa bei kubwa. Kwa saladi, limau na ndimu hufanya kazi ile ile, na zaidi ya hapo huleta vitamini C.

Wakazi wa Shinyanga wana bahati nyingine ya kuwa na ukwaju, ambao Wasukuma huutumia tangu zamani kwenye uji. Loweka gramu 50 za ukwaju katika nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, kwa dakika 20. Kamua kwa mkono safi na uchuje. Vijiko viwili vya maji hayo mazito huchukua nafasi ya siki, na rangi yake ya kahawia hupendeza kwenye kabichi.

Asiyepata haradali anaweza kutumia kijiko kimoja cha chai cha siagi ya karanga. Nayo hushikamanisha mafuta na uchachu, na huipa sosi uzito. Karanga zichaguliwe zile zisizosinyaa wala kuwa na ukungu, kwa sababu ya hatari ya sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia nafaka zilizoathirika.

Wasiopenda mafuta mengi wanaweza kutumia mtindi. Changanya vijiko 4 vya mtindi, kijiko 1 cha mafuta, maji ya nusu limau, majani ya giligilani yaliyokatwakatwa na chumvi kidogo. Sosi hii ni nzuri kwa tango.

Asali ya misitu ya Bukombe au ya Tabora inafaa zaidi kuliko sukari kwa ladha yake. Hata hivyo, mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe chakula chochote chenye asali, kwani inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wake hauwezi kuvihimili.

Mafuta ya pamba: Yapi yanafaa, yapi ni hatari?

Shinyanga ni moja ya mikoa iliyojengwa na pamba. Baada ya nyuzi kutenganishwa kiwandani, mbegu hukamuliwa mafuta, na mashudu hulishwa mifugo. Hivyo si ajabu kukuta mafuta ya pamba yakiuzwa kwa bei nafuu kuliko mengine.

Mafuta ya pamba yaliyosafishwa ipasavyo ni chakula cha kawaida. Nchini Marekani, mafuta hayo ndiyo yaliyotamba kwa ajili ya saladi mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya mkemia David Wesson kugundua njia ya kuyaondolea harufu.

Tatizo ni mafuta ghafi. Mbegu ya pamba ina sumu ya asili iitwayo gosipoli, ambayo huulinda mmea dhidi ya wadudu. Mafuta yanapokamuliwa, sehemu ya sumu hiyo huingia humo na kuyapa rangi nyekundu iliyokolea au ya kahawia. Kiwandani, mafuta hutiwa magadi makali ambayo huiondoa gosipoli, kisha hupaushwa na kuondolewa harufu.

Athari zake zilijulikana nchini China, ambako vijiji vilivyokuwa vikipikia mafuta ghafi ya pamba vilionekana kuwa na wanandoa wengi wasiopata watoto. Katika miaka ya 1970, watafiti wa nchi hiyo waliijaribu gosipoli kwa maelfu ya wanaume kama dawa ya uzazi wa mpango. Dawa hiyo iliachwa kwa sababu baadhi yao walipungukiwa madini ya potasiamu mwilini, na wengine hawakurudishiwa uwezo wa kuzaa hata baada ya kuacha kuitumia.

Kwa mpishi wa kawaida, kanuni ni fupi. Mafuta ya pamba yenye rangi nyekundu nzito au ya kahawia, yanayouzwa kwa kupimwa kwenye dumu lisilo na lebo, yasitumike kwa chakula, na zaidi sana kwa saladi. Kuyachemsha nyumbani mpaka yatoe moshi si kuyasafisha.

Yanunuliwe yaliyofungwa kiwandani, yenye jina la mzalishaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula. Kwa kanuni za mwaka 2011, mafuta ya kula ya viwandani yanatakiwa kuongezewa vitamini A.

Kuhusu aina ya mafuta, takriban robo ya mafuta ya pamba ni ya aina inayoganda, ambayo yakizidi huongeza lehemu katika damu. Katika alizeti kiasi hicho ni kama asilimia 11, na katika mawese hufika karibu nusu. Hivyo kwa saladi, alizeti ni chaguo zuri na la bei ya kati.

Abiria wanaotoka Dar es Salaam kwa basi huyanunua mafuta ya alizeti kando ya barabara mkoani Singida. Ni mazuri yakiwa mapya, lakini chupa iliyokaa juani kutwa nzima huchacha. Mafuta yaliyochacha hutambulika kwa harufu kama ya rangi ya ukutani na ladha inayokwaruza kooni.

Siki haiui kipindupindu

Wapo wanaoamini kuwa mboga ikishatiwa siki au ndimu, vijidudu vyote vimekufa. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini ni ya hatari.

Ni kweli kuwa kimelea cha kipindupindu hakipendi uchachu. Utafiti uliofanyika Guinea-Bissau na kuchapishwa mwaka 1997 uliona kuwa familia zilizotia maji ya ndimu kwenye mchuzi wa wali ziliugua kidogo zaidi wakati wa mlipuko. Lakini vijiko viwili vya limau vilivyotawanywa kwenye bakuli zima la mboga havifiki kila mkunjo wa jani, na mayai ya minyoo hayajali uchachu huo.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, mikoa kadhaa ya Kanda ya Ziwa, ukiwamo Shinyanga, iliripoti wagonjwa wa kipindupindu. Katika hali kama hiyo, mboga ya kupikwa ni salama kuliko mbichi.

Wakati wa kawaida, osha mikono kwa sabuni, kisha osha kila jani na kila tunda kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukata, si baada ya kukata. Tango na karoti zimenywe. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Kibao cha kukatia nyama kisitumike kwa saladi.

Tangu mwaka 2009, maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele yamekuwa yakisafirishwa kwa bomba hadi Kahama na Shinyanga, mji ambao awali ulitegemea bwawa la Ning'hwa. Hata hivyo, maji yaliyotoka safi bombani huchafuliwa na ndoo isiyofunikwa.

Karai la dhahabu lisiingie jikoni

Kwa wakazi wa Geita na maeneo ya wachimbaji wadogo kama Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, Mwime na Mwakitolyo, ipo tahadhari ya ziada.

Wachimbaji hutumia zebaki kunasa dhahabu, kisha huchoma mchanganyiko huo ili zebaki iondoke kama mvuke. Utafiti wa afya uliofanyika Rwamagasa miaka ya mwanzo ya 2000, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, ulikuta dalili za sumu hiyo kwa wachimbaji, hasa wanaochoma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020.

Karai, beseni, sufuria au kijiko kilichowahi kushika zebaki hakifai tena kwa chakula, hata kikisuguliwa kwa mchanga na sabuni. Sosi ya saladi ina asidi, na asidi hulainisha na kubeba metali kutoka kwenye chombo kuliko maji matupu. Kwa sababu hiyo hiyo, saladi isichanganywe wala kuhifadhiwa katika sufuria ya aluminiamu. Tumia bakuli la kioo, la udongo au la plastiki maalumu ya chakula.

Aidha, madumu yaliyokuwa na sayanaidi, asidi au kemikali nyingine za kuchenjulia dhahabu yasinunuliwe kwa ajili ya kuhifadhia mafuta, siki au maji. Plastiki hunywa kemikali, na kuosha hakuitoi.

Mboga zilizolimwa jirani na mialo au marundo ya marudio ziepukwe. Maji huondoa vumbi la nje, lakini hayawezi kuondoa metali iliyokwishaingia ndani ya mmea kupitia mizizi. Ni haki ya mnunuzi kumuuliza muuzaji mboga zimetoka wapi.

Uhifadhi na watu wa kuchukua tahadhari

Sosi yenye kitunguu saumu kibichi au majani mabichi ihifadhiwe kwenye friji na imalizwe ndani ya siku tatu. Kitunguu saumu kilichozamishwa kwenye mafuta na kuachwa mezani kwa siku kadhaa kinaweza kuotesha vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha, bila kubadilisha harufu wala ladha. Asiye na friji atengeneze ya mlo mmoja tu.

Siki ya kununua iwe ya chakula, ambayo kwa kawaida huwa na asidi ya asilimia 4 hadi 5. Asidi kali inayouzwa kwa matumizi ya viwandani inaweza kuunguza koo na tumbo, hata ikichanganywa na maji kwa kukisia.

Wenye vidonda vya tumbo au kiungulia wapunguze uchachu, au watumie sosi ya mtindi. Wagonjwa wa kisukari wanaweza kula saladi hii, na ni vema wakaacha asali. Lakini siki si dawa ya kisukari wala ya shinikizo la damu, na mgonjwa asiache vidonge alivyopewa hospitali kwa sababu ameanza kula saladi. Kunywa siki tupu kila asubuhi, kama baadhi ya watu wanavyofanya, humomonyoa meno.

Kwa mama lishe anayehudumia makumi ya watu, njia rahisi ni kuweka sosi kwenye chupa pembeni na kumwachia mteja ajimwagie, huku kopo la chumvi likiondolewa mezani. Mteja anayetaka chumvi ataomba. Wengi hawataomba.